Ufa Hauna Ruhusa Uani Kwangu

4 Februari

Babu yangu Fundi Timazi,

Shikamoo. Goti linasemaje? Na Bibi Redio, dada yako, hajambo? Bado anatangaza habari za mtaa mzima kabla watu hawajapiga mswaki? Mimi nilifika chuoni salama. Saruji ya uani kwako ilinifuata mpaka huku, nimeikuta kwenye nywele nilipokuwa nasuka.

Vile vikuta vitano ulivyonijengea nimevieleza mbele ya watu wote wa mradi wetu, na picha yako ukiwa umeshika mwiko imebandikwa kwenye mlango wa ofisi. Watu wa mradi ni wa kila namna, babu. Yupo wa fizikia, anafuatilia joto linavyopenya ukutani. Yupo wa hisabati, anapiga hesabu ukuta utakuwa na hali gani ukishazeeka. Wa hali ya hewa ndiye aliyechagua uwanja wako, maana jua na mvua za huko hazina huruma. Wa afya ya jamii anataka wodi ya wazazi ambayo haitawachemsha watoto wachanga. Wa sheria ana swali moja tu kila kikao: mambo yakiharibika, ataulizwa nani? Mimi ni wa vifaa vya ujenzi, yaani wa tofali. Wote wananisubiri mimi, na mimi nakusubiri wewe.

Kile kisanduku nilichokifunga ukutani kinatuma chenyewe habari za joto na unyevu. Kisichoweza ni kuona ufa. Mwenzetu aliyekuwa aje na kamera kila mwezi amepata kazi kwingine, na hatujapata mwingine. Kwa hiyo nakuomba, kila mwisho wa mwezi vitazame, uniandikie kama kuna ufa, uko kwenye kikuta kipi, umeanzia wapi na kuishia wapi. Mvua hizi zikipita na jua likafuata bila ufa, wodi itajengwa kwa tofali za mchanganyiko wangu wa majivu, zinazozuia joto, na mimi nitakuwa nimemaliza shule.

Mjukuu wako,
Kokoto


27 Februari

Kwako Kokoto, mke wangu mdogo,

Marahaba. Barua yako nimeipata. Mwandiko wako umenyooka, huo umeutoa kwangu. Mimi mzima. Goti halina neno, linalia tu kama mlango, na mlango ukilia haina maana nyumba imeanguka. Bibi yako Redio mzima, aliifungua bahasha kabla yangu akamtangazia muuza mkaa kwamba picha yangu imebandikwa chuo kikuu. Sasa watu wananisalimu kwa heshima. Zamani pia walikuwa wananisalimu kwa heshima, lakini sasa wanasimama kabisa.

Najua utauliza kwa nini sitaki simu. Masikio yangu yamekula nyundo maisha yote, kwenye simu nasikia nyuki tu. Naandika. Herufi nilijifunza ukubwani, kwenye darasa la watu wazima, na mwalimu alikiri mbele za watu kwamba mistari yangu ilinyooka kuliko ya ubaoni. Mtu aliyezoea kamba na timazi hawezi kupinda, hata kwenye karatasi.

Sasa vikuta. Vimesimama. Vitaachaje kusimama, vimejengwa na nani? Katika nyumba nilizojenga mji huu hakuna hata moja iliyoniita nirudi. Kile cha kwanza, kile changu cha saruji tupu ambacho wenzako wanataka wakilinganishe na vyako, kile ni ukuta. Nimekitilia saruji bila ubahili. Hivi vinne vya majivu nimejenga kwa sababu ni wewe. Ulipima majivu kwenye mizani kama mtu anayepima dhahabu, nikakaa kimya nisikuaibishe. Majivu kazi yake ni kusugulia sufuria. Nilikwambia, na siku vitakapofunguka nitakwambia tena nikiwa nimekaa kwenye kiti.

Ufa hakuna. Uwanja wangu uko barabarani, kila aendaye sokoni anapita hapo, na mtu anayetafuta fundi hutazama kwanza kwa fundi. Ufa hauna ruhusa uani kwangu, lijue hilo.

Timazi


20 Machi

Babu,

Shikamoo. Barua yako niliwasomea wenzangu, wakacheka mpaka wa sheria akaja kuuliza kuna nini. Mama hajambo, anauliza goti, nimemwambia linalia kama mlango.

Nina ombi dogo. Habari ya ufa niliitafuta ukurasa wa kwanza, nikaitafuta wa pili, huku nimesimama mlangoni pa kikao na watu wananingoja. Tafadhali, ianze juu kabisa. Andika ufa upo au ufa hakuna, halafu salamu na mengine yafuate. Usikasirike. Siku hizi nakula nikiwa nimesimama.

Kokoto


30 Aprili

UFA HAKUNA.

Hayo ya juu ni kwa amri yako. Hata anayekuja kukufukuza nyumba hupiga hodi kwanza, lakini wewe ndiye msomi.

Sasa marahaba. Hatujambo. Mvua zimetupiga. Paa la bibi yako lilivuja juu ya kitanda, akahamishia kitanda jikoni, na kutokea huko anaendelea kutangaza. Nimepanda mwenyewe kuliziba, na goti langu hili hili. Muuza mkaa alisema nitaanguka. Sikuanguka.

Mvua zilipoacha, jua likatoka na hasira zake. Kikuta cha tatu kikafunguka. Mstari ulitoka kwenye kona ya kile kidirisha ulichotaka niache ukashuka ngazi kwa ngazi ukifuata viungo vya tofali mpaka chini. Kabla sijanawa uso, muuza mkaa alikuwa amesimama barabarani anautazama, akaniambia, "Timazi, leo umeshikwa." Nusura nimpige na pima maji. Nikaingia ndani nikatoka na tindo.

Sikia kazi, ujifunze. Ufa haupakwi juu juu kama mafuta. Niliufungua kwanza, nikautoa vumbi kwa brashi, nikaunywesha maji ukatosheka. Nikachukua majivu yale yale uliyoyaacha kwenye ndoo, nikayachekecha kwa kitambaa pamoja na saruji kidogo, nikaushindilia kwa ncha ya mwiko mpaka ukakataa. Kilichonisumbua ni rangi. Nilichanganya, nikaanika, nikatupa, nikachanganya tena, mpaka ikafanana. Nimemwita muuza mkaa aje aonyeshe ufa ulipita wapi. Amepapasa kikuta kizima akashindwa, akaondoka na mkaa wake.

Wewe pia huwezi kuuonyesha, na kusoma kwako kote. Waambie hao walioniweka mlangoni.

Timazi


2 Juni

Babu yangu mpendwa,

Shikamoo. Bahasha yako ilifika naingia kwenye kikao. Niliifungua pale pale, nikaona ule mstari wa juu, nikausoma kwa sauti. Babu, watu walipiga meza. Wa hisabati alikuwa amekuja na hesabu zake kwamba baada ya mvua tutarajie ufa. Akafunga kompyuta, akasema amefurahi kukosea. Wa sheria alitabasamu, kitu ambacho sijawahi kukiona. Barua nimeiweka kwenye faili, nitaisoma yote kwa utulivu nikipata nafasi, maana najua una vituko.

Profesa anayenisimamia atasafiri pande hizo na atapita kwako kuviona kwa macho yake. Mpokee vizuri. Habari za sufuria muachie mbali.

Mama hajambo. Ameshona nguo ya mahafali yangu tayari, nimemkataza akashona. Mimi sijambo. Mengine ukiniuliza nitakujibu nikija.

Kokoto


11 Julai

UFA HAKUNA. Lakini nina swali, nimeliweka huku juu ili ulione. Kule wodini, ukuta ukifunguka, nani atapita na mwiko?

Marahaba. Profesa wako amekuja. Mtu mrefu, mpole, viatu havijawahi kukanyaga udongo. Alipapasa vikuta vyote, akapiga picha, akasema vizuri, vizuri. Kisha akazungumza na kisanduku. Alikifungua, akakisoma, akakifunga, akakifungua tena. Mimi nilikuwa nimesimama pembeni na mwiko mkononi, nimevaa shati jipya, nimejiandaa kumweleza kila kitu. Hakuniuliza ila maji ya kunawa. Mtu asiyeniuliza simwelezi. Akiwa anaingia garini ndiyo akamwambia dada yangu kwamba msingi wa wodi umeshachimbwa, na kwamba vikuta vyetu ndivyo vilivyofungua njia.

Na wewe nina neno nawe. Barua yako nimeisoma, nikampa dada yangu aisome kwa sauti, nikidhani labda macho yangu yameruka mahali. Hakuna hata nusu mstari juu ya kazi yangu ya kikuta cha tatu. Sikuomba shukrani. Lakini fundi akikupa kazi kama ile, unasema kitu. Cha nne na cha tano navyo nimevihudumia. Sielezi. Nilishaeleza mara moja, na mimi jambo silisemi mara mbili.

Tangu profesa aondoke silali mchana vizuri. Ni chakula labda.

Timazi


9 Agosti

Babu,

Shikamoo. Naandika mbio, unisamehe. Swali lako nimeliona. Hakuna atakayepita na mwiko, kwa sababu ukuta hautafunguka. Hiyo ndiyo kazi iliyofanywa na vikuta vyako, ndivyo vilivyotuhakikishia. Nakujua wewe, bado unaota majivu na sufuria.

Profesa amesaini, wa sheria amesaini, nami nimetia jina langu chini yao. Kuta za wodi zimepita madirisha. Mbao za paa zinaletwa. Akina mama watahamia kabla joto halijaanza, na lazima iwe hivyo, maana wa afya ya jamii alikaa kwenye ile wodi ya zamani msimu uliopita na kuna mambo aliyoyaona ambayo hataki hata kuyaandika.

Profesa amesema, "Yule mzee wako kuta zake ni kama yai." Nilijisikia kama nimeolewa.

Kokoto


24 Agosti

Kokoto,

Safari hii juu sijaandika kitu. Usome yote ndiyo ujue.

Hatujambo. Dada yangu aliisoma barua yako kwa sauti yake ya kutangaza, na alipofika pale pa ukuta hautafunguka, akanyamaza. Unamjua, yule hanyamazi hata akiwa na tonge mdomoni. Akaniangalia, akasema, "Huyu mtoto hajasoma barua yako." Nikamwambia mtu aliyemaliza shule zote atashindwaje na barua. Akasema, hajaisoma, Timazi. Tumegombana mpaka chai imepoa.

Basi nenda kwenye hilo faili lako. Toa barua ya mwezi wa nne, isome mpaka kwenye jina langu. Mimi sirudii. Nilieleza vizuri, na kazi ilikuwa nzuri, na sitaki mtu aniambie haikuwa nzuri. Ukimaliza, waambie mafundi wa wodi waweke miko chini. Usiniulize kwa nini kabla hujasoma.

Wasipandishe paa.

Timazi


5 Septemba

Kokoto,

Barua yangu imekufikia? Mtu wa posta anasema daraja lina matengenezo na mifuko imelundikana ng'ambo. Nimekwenda asubuhi, nimekwenda mchana, sasa ananiona kwa mbali anaanza kutikisa kichwa.

Leo nimetumia simu. Mimi. Nilikwenda duka la dawa na ile kadi ya namba za ofisi yenu aliyoiacha profesa, mwenye duka akanibonyezea namba. Nikasikia nyuki. Nikasema kwa sauti kubwa, ufa, vikuta vina ufa, mwambieni Kokoto. Wateja wote waligeuka. Mwenye duka akachukua simu akasikiliza kwa niaba yangu, kisha akaniambia kwa upole, "Mzee, wanasema asante, wanajua, ufa hakuna." Nikakaa kwenye benchi la wagonjwa. Alinipima presha bila kuniuliza.

Nasema mara ya pili, jambo sijawahi kulifanya. Kikuta cha tatu kilipasuka. Cha nne kilipasuka kutoka juu. Cha tano kilitoa nyufa nyembamba kama nywele, zikawa pana. Vyote nimeviziba kwa mkono huu, nikavipa rangi yake. Cha pili sijakigusa. Cha kwanza ni changu, hicho hakina cha kuuliza. Profesa wako aliyapapasa mapishi ya mwiko wangu, majivu yako hakuyagusa.

Ulipozaliwa niliitwa kukuona, ulikuwa huzidi tofali nusu. Sasa kila nikifumba macho nauona ule mstari unashuka ngazi kwa ngazi, na paa juu yake, na vitanda chini yake.

Jibu. Hata kwa matusi.

Timazi


19 Septemba

Babu,

Shikamoo. Barua zako mbili zimefika siku moja. Nilisoma ya pili kwanza.

Kisha nikatoa ile ya mwezi wa nne. Chini ya UFA HAKUNA nilikuwa nimepiga mstari mwekundu. Karatasi za nyuma zilikuwa hazijakunjuliwa. Nilizifungua nikiwa nimekaa sakafuni, nikasoma unavyounywesha ufa maji, nikasoma habari za rangi, na babu, ungekuwa ukuta wa mtu mwingine yeyote ningecheka.

Nilikwenda ofisini kwa profesa nikamwambia, "Vikuta vilipasuka, niliandikiwa, na mimi sikusoma." Aliniuliza kama naumwa. Nikampa barua. Alisoma mpaka mwisho, akakumbuka umesimama pembeni na mwiko. Wa hisabati alifungua kompyuta yake tena. Wa sheria aliuliza swali lake la siku zote, ataulizwa nani, na safari hii nilikuwa na jibu.

Mafundi walikuwa wamepandisha mbao upande mmoja. Zimeshushwa. Kuta zitabomolewa mpaka kwenye msingi, zijengwe kwa tofali za kawaida. Itakuwa wodi yenye joto, na haitakuwa tayari kabla jua halijawaka. Akina mama watabaki kule kule kwa zamani. Hilo linanikosesha raha kuliko ya shule. Ya shule usiniulize.

Sijui hasira zangu ni zako au ni zangu. Nilikuomba utazame. Sikukuambia usiguse, kwa sababu haikunijia kwamba yupo mtu atakayehitaji kuambiwa. Ufa ndio nilikuwa nautafuta, babu. Ukuta unapopasuka ndipo unapozungumza, na mimi nilitaka nisikie.

Mama ameiweka ile nguo sandukuni.

Kokoto


10 Oktoba

Kwako Kokoto,

Marahaba. Hatujambo. Hasira kama ni zangu zilete, mabega ninayo.

Wewe haikukujia kwamba mtu atagusa. Mimi haikunijia kwamba yupo mtu anaweza kuona ufa akauacha ulivyo na kuuandikia barua. Tangu nipewe mwiko naambiwa ukiona ufa una kazi. Mwanafunzi wangu angeuangalia tu akaandika, ningemfukuza siku hiyo hiyo. Tumelala chini ya paa moja, tumekula pamoja, na hakuna aliyemjua mwenzake.

Kazi yangu ilikuwa nzuri. Sitasema vinginevyo mpaka nizikwe. Lakini haikuwa kazi uliyoniomba.

Uwanja una nafasi upande wa pili, penye jua zaidi. Mizani yako ipo, majivu yapo, ndoo nimeifunika. Nataka kukujengea vitano vingine. Sijagusa kitu. Vile vya zamani vimesimama kama vilivyo, hata buibui sijamwondoa. Safari hii nauliza kwanza, na kuuliza kwenyewe sijazoea, kwa hiyo usinicheleweshe.

Kama wamekufukuza, niambie. Nitakuja mwenyewe nizungumze na huyo mrefu.

Timazi


3 Novemba

Babu,

Shikamoo. Hawajanifukuza. Wamenikalisha mbele ya meza ndefu, wakaniuliza, nikajibu, wakanitoa nje, wakaniita tena. Jina langu limetolewa kwenye kazi zote za wodi. Nimeongezewa muda mpaka mvua zijazo zipite na jua lake, basi. Kama sitakuwa na vikuta vya kuaminika, nafunga vitabu. Na wa hisabati ameniambia wazi kwamba vikuta vya kuaminika vinaweza pia kunimaliza. Vikipasuka mapema, ndiyo mwisho wa mchanganyiko wangu.

Wenzangu walitaka vijengwe kwingine, kwa fundi mwingine, mtu ambaye hanijui mimi wala mimi simjui. Nimekataa. Nimewaambia namjua mtu mmoja ambaye akisema kazi itafanyika, inafanyika. Walinitazama kwa huruma.

Jenga, babu. Kimoja cha saruji tupu, chako, na vinne vya majivu, kwa vipimo vile vile. Sharti ni moja. Ukishamaliza, mwiko usivikaribie. Vikianguka, viache vianguke.

Barua zako nazisoma sasa kuanzia chini kwenda juu.

Mke wako mdogo,
Kokoto


29 Aprili

UFA UPO.

Nimeuweka juu, lakini usiishie hapo.

Marahaba, mke wangu. Goti linaendelea na milango yake. Mvua zimepita, jua limetoka. Mwiko nilimkabidhi dada yangu siku tuliyomaliza kujenga. Nikipata kazi kwa mtu ananipa, nikirudi ananipokonya pale pale mlangoni, na ametangaza mpaka sokoni kwamba kaka yake ameachishwa kazi na mjukuu wake. Nimemvumilia.

Ufa nimeuona leo asubuhi. Umeanzia kona ya kidirisha, mkono wa kushoto ukisimama barabarani, unashuka ngazi kwa ngazi, umekata tofali tatu umeishia kwenye kiungo. Mwembamba. Kucha haiingii. Nimeuchora huku nyuma ya karatasi jinsi ulivyo, sikuunyoosha.

Muuza mkaa ameuona kabla ya chai. Akasimama, akatua gunia, akamwita na mwenzake. Akasubiri niende ndani nitoke na tindo. Nikakaa kwenye kigoda, mikono nimeikalia. Mteja mmoja, mtu aliyekuja kuulizia nyumba ya vyumba vitatu, ameutazama, akanitazama, akasema atapita siku nyingine. Muuza mkaa akaniuliza, "Timazi, huu ufa ni wa nani?" Nikamwambia ni wangu.

Maneno yangu ya majivu na sufuria nilikuwa nimeyaweka tayari tangu mwaka jana, nilikuwa nayatafutia siku. Nimeyarudisha nilikoyatoa. Vinne vyote vya majivu nimevipapasa, dada yangu amevipapasa, tumemlazimisha na muuza mkaa avipapase. Havina kitu. Nasema bado, maana jua ndiyo kwanza linaanza, na kesho nitatazama tena, na kesho kutwa. Usifurahi mapema.

Ufa uko kwenye cha kwanza, Kokoto. Kile cha saruji tupu. Na kile cha kwanza cha mwaka jana, usiniulize kama nacho nilikiziba.

Sijaugusa.

Timazi